Tuzo ya watafiti walio katikati ya kazi: nilivyoipata nikiwa Lamu

Kila niliyemuuliza kuhusu tuzo za utafiti aliniambia nimechelewa. Tuzo za watafiti chipukizi zimenipita, na zile za heshima huwangoja wenye mvi. Ushauri huo umewavunja moyo wengi, nao si kweli. Pew, shirika la Marekani, huwapa wahifadhi bahari walio katikati ya kazi dola 150,000 kwa miaka 3. Ile ya Bessel, ya wakfu wa Humboldt wa Ujerumani, humfaa hata aliyemaliza uzamivu miaka 18 iliyopita, ila huombi mwenyewe. Mtafiti aliyeko Ujerumani ndiye akupendekezaye.

Mimi natafiti mikoko ya Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ombi langu la kwanza la tuzo nililijaza kama alivyoniagiza mkubwa mmoja kazini: "Weka kila makala, waone wingi." Likakataliwa kwa mistari miwili. Katika lundo lile nani angejua fikra ipi ni yangu na ipi ya msimamizi wangu wa zamani?

Njia niliiona Mkunumbi, kijiji cha Lamu, miti ya mikoko ikishushwa. Haiuzwi kwa lundo. Hupangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila aina na korja zake, yaani mafungu ya miti ishirini. Nikapanga makala yangu vivyo hivyo! Yale ambayo jina langu limo katikati ya majina kumi yakapewa mstari mmoja mwishoni. Mbele nikaweka matano yaliyotokana na maswali yangu mwenyewe, na chini ya kila moja nikaeleza nani aliyatumia majibu yake. La kwanza lilihusu miche ya mkoko inayokufa ikipandwa chini mno, kwenye ukanda wa mlilana, aina ya mikoko iotayo upande wa bahari. Baada ya hapo vikundi vya akina mama vilihamisha vitalu vyao, na hilo nililiandika kwa fahari.

Barua ya mapendekezo nilimwomba mtafiti wa Mombasa aliyewahi kunipinga hadharani. Aliandika kwamba bado hakubaliani nami kuhusu chumvi na mikoko, lakini hamjui mwingine wa kuiendeleza kazi hii. Barua ya mpinzani ina uzito ambao ya rafiki haina.

Kwenye bajeti ya ombi, mafuta ya boti yaandike yote, ni ghali. Na omba fedha za kumlipa atakayeshika vipindi vyako darasani. Niliambiwa waamuzi wataona ni uvivu. Ndicho kipengele walichokisifu, maana tuliofika umri huu tunachokosa hasa ni muda.

Aliyeko Lamu au Malindi akitaka kuyaona maombi yangu, nitampa yote mawili, lililokataliwa na lililoshinda.