Nilivyoiunganisha Active Directory na Excel hapa Moshi bila kununua programu

Wakuu, naandika hili kwa sababu nimechoka kuambiwa nunua, nunua, nunua. Chuo chetu hapa Moshi kina akaunti elfu mbili na ushee kwenye Active Directory (daftari la Microsoft la akaunti za watumiaji wa mtandao), na wenyewe wengi walishamaliza wakarudi kwao Rombo na Same ila akaunti bado ziko hai tu. Bosi anataka grafu, akifungua Excel aione hali ya leo, siyo faili la mwezi uliopita.

Kuunganisha kwenyewe hamna kazi, unaandika makro (programu ndogo ndani ya Excel) inayotumia ADO, njia ya Microsoft ya kusoma data, yenye kiunganishi cha ADsDSOObject, unaipa njia ya LDAP, yaani anwani ya domeni yenu (mtandao wa chuo unaosimamiwa na Active Directory), basi. Shughuli ilianza data ilipokuja: watu 1000 kamili, hata mmoja wa ziada hakuna. Fundi mmoja mwenye jina lake mjini akaniambia ingia kwenye seva pandisha MaxPageSize, yaani idadi ya majibu seva inayotoa kwa mkupuo mmoja. Jamani msifanye hivyo! Ule ukomo umewekwa makusudi, seva isizidiwe na mtu anayeomba kila kitu kwa mkupuo. Dawa iko kwako unayeomba: kwenye Command, yaani ombi lako la ADO, weka "Page Size" iwe 1000, seva inakuletea kurasa kwa kurasa mpaka watu wote waishe. Ni kama kushusha ndizi kwenye fuso, unabeba mkungu mmoja mmoja, hakuna anayebeba fuso zima. Mstari mmoja tu wa makro, nikapata wote!

Halafu tarehe. Hii lastLogonTimestamp, sehemu inayotunza lini mtu aliingia mara ya mwisho, inahesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu 1 Januari 1601, na ADO inakukabidhi namba imekatwa mara mbili, HighPart na LowPart, ukiimwaga kwenye seli hivyo hivyo hupati kitu. Zidisha HighPart kwa 4294967296, jumlisha LowPart (ikiwa hasi iongezee kwanza 4294967296 hiyohiyo, wengi wanakwama hapa), gawa kwa 864000000000, toa 109205, Excel inaisoma kama tarehe. Ongeza na 3/24, yaani saa tatu, maana ule muda ni wa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu; usipoongeza, mwalimu aliyeingia saa mbili asubuhi anaonekana kaingia saa kumi na moja alfajiri. Ilipokubali nilisimama peke yangu ofisini nikapiga makofi.

Kwa akaunti zilizozimwa usitafute 514 peke yake kwenye userAccountControl (namba inayobeba hali ya akaunti), kuna na 66050, ambayo paswedi yake haiishi muda. Pima ile biti yenye thamani ya 2, ndiyo alama ya kuzimwa, utazikamata zote.

Mwingine akanishauri niweke paswedi ya admin ndani ya makro. Hapana kabisa! Akaunti ya kawaida ya domeni inatosha kusoma haya, bosi anatumia yake mwenyewe.

Gharama? Jumamosi chache na chakula cha mchana, kama elfu kumi na kitu, wakati programu niliyoambiwa ninunue ilikuwa mamilioni kwa mwaka.

Makro nimeiweka kwenye Workbook_Open, sehemu inayojiendesha faili likifunguliwa, bosi akifungua tu grafu inajichora. Nilichomkatalia ni kuitumia kwa mahudhurio ya wafanyakazi, kwa sababu lastLogonTimestamp inaweza kuchelewa mpaka siku 14, inafaa kutafuta akaunti zilizolala na siyo aliyechelewa jana. Mwenye shida ya jana asome lastLogon, ila hiyo hainakiliwi kati ya seva, inabidi uiulize kila seva ya domeni kivyake halafu uchukue tarehe ya karibuni zaidi.