Deni la karatasi ya kijani

Kwa muda mrefu niliandika barua za rufaa, za kuwatuma wagonjwa hospitalini, katika zahanati yetu ya Likoni, Mombasa, nikiamini kwamba kazi yangu huishia kwenye muhuri. Mama mwenye presha ya 170 kwa 100 alitoka mbele yangu na barua mkononi. Miezi miwili baadaye nikamkuta sokoni, na nilipomuuliza daktari alisemaje, akanijibu bila wasiwasi kwamba barua iko nyumbani chini ya godoro.

Katika semina moja tulishauriwa tufungue kundi la WhatsApp kati yetu, wahamasishaji wa afya ya jamii na wenzetu wa hospitalini. Nililifungua kwa bidii zote. Kufikia wiki ya pili lilikuwa limejaa picha za maua za Ijumaa Mubarak, matangazo ya viwanja vya Kwale na mtu aliyekuwa akitafuta fundi wa friji. Kisha mhamasishaji mmoja, kwa nia njema kabisa, akaweka picha ya barua ya mgonjwa wa kifua kikuu, jina na nambari ya simu vikisomeka vizuri mbele ya watu arobaini. Nililivunja kundi usiku huohuo, na kesho yake nikaenda kwa mgonjwa kuomba radhi, safari ambayo sitamani kuirudia.

Ndipo siku yangu ya mapumziko nilipovaa buibui, nikachukua barua niliyoiandika kwa mkono wangu, nikavuka Feri kwenda hospitalini kama mgonjwa. Kivuko ni bure kwa waendao kwa miguu, nami nilizoea kuwaambia watu kwamba safari haina gharama. Kumbe matatu, kisha tuktuk kwa sababu jua lilinishinda, kisha chai, viliniondolea mia tatu, au nne nikihesabu kurudi. Dirishani, mhudumu aliisoma barua akaniuliza kwa upole nimetumwa kliniki gani, kwani ya presha haikuwa siku hiyo. Barua haikusema. Nilijitambulisha, tukacheka, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa na aibu: nimejituma mwenyewe, nikapotea mwenyewe.

Nikanunua karatasi za kijani, nikazikata robo robo. Juu ninaandika siku ya kliniki, jengo na mlango. Chini ninaacha mistari mitatu tu: kilichoonekana, dawa, arudi lini. Fomu rasmi ina nafasi ya majibu, lakini daktari mwenye foleni ya watu sitini hana muda wa fomu, ilhali mistari mitatu huijaza akiwa amesimama. Nambari ya simu ninachukua ya binti au mkwe, kwani simu za wazee huwa hazina chaji. Tena, tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya, iliposhika nafasi ya NHIF Oktoba 2024, havuki mtu kabla sijahakikisha amesajiliwa. Asiyeonekana kwa wiki moja, jina lake hupewa mhamasishaji wa mtaa wake, ambaye nyumba zake mia moja anazijua kuliko nizijuavyo mimi.

Hata hivyo karatasi hazikurudi hadi nilipobadilisha maneno. Badala ya kusema "ukimaliza upite hapa", nikaanza kusema: "Babu, hii ya kijani ni yangu, nimekuazima tu." Mtu wa kwetu atasahau kumeza dawa, lakini cha watu atakirudisha.

Mzee mmoja wa Mtongwe alikuja katikati ya mvua ya masika, kanzu imemgandama mwilini. Akavua kofia, akatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, kavu kabisa. "Haya mwanangu, amana yako hiyo, sidaiwi tena," akasema, akageuka aende zake. Ilinibidi nimkimbilie hadi getini, nami nikalowa, kumwambia kwamba daktari amembadilishia dawa na kwamba dawa yenyewe iko hapa hapa kwetu.