Amerikani ya bibi

Jumamosi bibi alinituma mita tano za amerikani, anadarizia vitambaa vya makochi. Ile nyeupe isiyong'aa, ngumu ngumu, ukiitazama vizuri unaona vichembe vyeusi vya ganda la mbegu vimenasa kwenye nyuzi. Nikamuuliza mwenye duka inatoka wapi, akasema hii ya China.

Yaani jina limebaki ila kitambaa kimeshahama zamani sana. Marekani walifunga mkataba na Sayyid Said, sultani wa Unguja, mwaka 1833, na meli za Salem kule Massachusetts zikawa zinashusha majora Unguja, zinarudi na pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu wa miti wa kutengenezea vanishi, halafu misafara inapandisha kitambaa bara mpaka Tabora na Ujiji, na huko ni pesa kabisa, unalipia hongo kwa machifu, yaani ushuru wa kupita kwao, unanunulia chakula, unamlipa mpagazi. Na pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini, watu weusi kama sisi, hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Ikaja vita yao ya 1861 mpaka 1865, bandari za Kusini zikafungwa, viwanda vikakosa pamba, na Unguja amerikani ikaadimika. Waingereza wakaingiza vya kwao, baadaye viwanda vya Bombay vikachukua soko. Misri na India nao walikimbilia kulima pamba bei ilipopaa, vita ilipoisha bei ikawaangukia.

Wajerumani nao hawakutaka kuitegemea Marekani, ndo wakalazimisha watu wa kusini kwetu kulima pamba, na Julai 1905 kule Nandete, Kilwa, wazee wakaing'oa, Maji Maji ikaanza.

Mimi kwetu Maswa, nimekulia kwenye pamba, kwa hiyo haya siyasomi kama hadithi. Machi 2011 bei ya New York ilipita dola 2 kwa ratili, karibu nusu kilo, msimu ule baba aliuza vizuri, Novemba akaongeza ekari mbili, kumbe huko duniani bei ilikuwa imeshaporomoka zaidi ya nusu na hakuna aliyekuja kumwambia. 2012 nilikuwa naye kwenye mizani, karani akataja bei, baba akanyamaza, akakaa juu ya gunia lake muda mrefu kweli. Inaniuma mpaka leo, maana dawa za kupulizia pamba alikuwa amekopa.

Msimu wa 2023/24 Brazil imeipita Marekani kwa kuuza pamba nje, mara ya kwanza. Ya kwetu sehemu kubwa bado inatoka robota robota kwenda Asia, vinu vya kuchambua tunavyo, vya kusokota na kufuma ndo vichache, na hilo ndo ningependa wanaotuongoza walishike kwanza kabla ya kutuambia tuongeze ekari.

Bibi ameipokea, akaivuta kwa vidole, akasema nyepesi kuliko ya zamani. Nikamwambia bibi hii siyo ya Marekani, ni ya China.

"Sasa mjukuu wangu niiteje?"

Ameshaanza kuchora maua kwa penseli.