Kwa kaskazi mpaka Kilwa

Simuleta ya ndege, programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, inakuruhusu kujichagulia upepo. Ukitaka shwari, unabonyeza tu, bahari inalala. Mimi nimeiwekea hali ya hewa ya kweli, ile inayoletwa na intaneti kama ilivyo saa hiyo, na hapo ndipo safari zangu za mwambao zilipopata maana. Msimu huu ni wa kaskazi, upepo utokao kaskazini. Nikitoka uwanja wa Manda, hapa kwetu Lamu, kuelekea Malindi, upepo uko nyuma yangu, na Cessna 172, ndege ndogo ambayo kwa kawaida huenda kama kilomita 200 kwa saa, inasukumwa ikapita hapo bila mimi kuongeza mafuta. Kaskazi hii hii ndiyo iliyoyashusha majahazi kusini karne kwa karne, na kusi ikayarudisha.

Basi nikaamua kuifuata desturi yao: nishuke mpaka Kilwa, karibu kilomita 800, ufuo mkono wa kulia, futi 1,500 tu, otopailoti, ile inayoiongoza ndege yenyewe, nimeizima, saa ya simuleta siiharakishi. Ukipaa juu sana, mwambao unabaki mstari wa mchanga.

Kipande cha kwanza ndicho nilichokipenda zaidi. Ukishaiacha michanga ya Shela, unafika Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, na picha za setilaiti zinakuonyesha mikondo ya zamani ambayo mto umeihama, imejikunja ndani ya kijani. Ami yangu, aliyefanya ubaharia ujana wake wote, alikuja kukaa nami. Ndege hakuitazama, alitazama nchi.

“Kaa nje, mwanangu, Ras Ngomeni hiyo,” akasema, kidole kikigusa kioo.

“Ami, tuko angani, hatupandi mwamba.”

“Kaa nje.”

Nikakaa nje. Nikaipitia Ngomeni kwa upande wa bahari, pale kwenye majukwaa ya Waitaliano ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kisha Mambrui, mdomo wa Sabaki, Malindi.

Mombasa na Tanga tulizipita tu. Rufiji ndiko Ami alikonyamaza. Huko walikuwa wakipakia boriti za mikoko, wakingoja maji yajae vijitoni, na vijito hivyo yeye alivijua akiwa chomboni, kimoja baada ya kingine. Sasa akaviona vyote kwa mara moja, vikitawanyika kuelekea Mafia. Akaniomba nizunguke. Nikazunguka, naye akawa anavitaja majina, mpaka bando likakaribia kwisha na ardhi ikaanza kuja na ukungu.

Linaloniuma ni mji wetu wenyewe. Nyumba kompyuta inazijenga kwa kukisia kutoka picha za juu, na Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, unavishwa mapaa yasiyo yake. Natamani mtu wa hapa aketi autengeneze, nyumba kwa nyumba.

Ndege sasa iko Kilwa Masoko. Ningeweza kuirudisha usiku mmoja, upepo wa mbele usingenizuia. Lakini Ami anasema kurudi ni kwa kusi, nami naona ana haki. Mpaka Aprili, basi, nitaruka huko huko: Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, na Rufiji tena, maana kuna vijito Ami anasema hatujavimaliza.