Nta ya moto haisubiri

Kuchora kwa nta ya nyuki ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na kuifundisha pia. Somo huanzia kwenye mizani: nta gramu 800, utomvu mkavu wa damari gramu 100. Damari ndiyo inayoikaza nta. Bila hiyo picha hukwaruzika hata kwa ukucha. Yeyusha, chuja kwa kitambaa kuondoa magamba ya mti, kisha tia rangi ya unga.

Shikilia joto kati ya nyuzi 80 na 90. Ukiona moshi, ujue umeshapitiliza: zima, fungua madirisha. Moshi ule unaumiza mapafu.

Chora juu ya ubao, si turubai inayopinda, maana nta iliyoganda hupasuka. Rangi ya chini ya akriliki nayo haifai, haifyonzi nta. Brashi ziwe za singa. Za nailoni huharibika kwa joto.

Sasa penyewe. Kila tabaka lazima lishikane na lililo chini yake. Pitisha hewa ya moto polepole, utazame: uso uliofifia unaanza kung'aa kama umelowa. Hapo hapo ondoa! Ukichelewa, mistari inatiririka na kuchanganyikana. Ukiwahi mno, tabaka litabanduka baadaye.

Ukungu mweupe ukitokea baada ya wiki kadhaa, usiogope. Futa kwa kitambaa laini.

Zile picha za nyuso za Fayum, Misri, nyingi zilichorwa kwa nta karibu miaka 2,000 iliyopita. Macho yake bado yanakutazama.