Poda juu ya mawe meusi

Matokeo ya mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, ule tunaouita Exetat, yalitoka usiku, na mimi nilikuwa sijanunua hata kilo moja ya nyama. Sherehe nilikuwa nimeipangia Jumamosi: viti vya kukodi, mbuzi, bugali na sombe, yaani majani ya muhogo. Kijana wangu alituma namba yake kwa simu, akangoja huku anatembea huku na huku. Halafu akapiga ukelele. Amepata! Asilimia 61.

Sijamaliza kufunga kitenge, parsela, yaani uwanja wa nyumba yetu, imejaa. Wenzake wa darasa la sita la sekondari walikuja mbio kutoka mtaa wa Majengo, filimbi midomoni, makopo ya poda mikononi. Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, aliyefaulu hupakwa poda nyeupe kuanzia nywele mpaka viatu, ili mtaa wote ujue. Umeme ulikuwa umekatika, tukamulikiana kwa simu. Jirani yangu, muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu, alileta beseni lake zima la biashara ya kesho, tukazikaanga na pilipili palepale uani. Mpaka leo nikikumbuka beseni lile namshukuru Mungu kwa majirani.

Lakini ilikuwa likizo kubwa ya 2019. Ebola ilishaingia mjini. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Julai 14. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini, na sisi, watu wa kushikana mikono mpaka salamu ziishe, tukawa tunasalimiana kwa viwiko. Nilisimama langoni: "Nawa kwanza, baba. Nawa, dada." Vijana walinawa, poda ikageuka uji viganjani mwao.

Kisha mama yangu akatoka chumbani. Yeye ndiye aliyembeba kijana huyu mgongoni Januari 17, 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo uliposhuka hadi katikati ya mji na sisi tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Mtoto alikuwa na miezi minne. Nyumba tuliyoiacha ilifunikwa na moto ule, ukapoa ukawa mawe meusi. Hii ya mbao tumeijenga juu ya mawe yaleyale.

Mjukuu akamwinulia kiwiko. Mama akakitazama.

"Mgongo wangu ulikubeba mpaka ng'ambo. Leo unanipa kiwiko?"

Akaenda kwenye ndoo, akanawa taratibu, kidole kwa kidole. Akamwita, akamnawisha na yeye kama mtoto mchanga. Halafu akamshika mikono yote miwili, wala hakuiachia upesi. Filimbi zilinyamaza zenyewe. Mimi, mlinzi wa ndoo, sikuweza kusema neno.

Jumamosi mbuzi alitosha na wajomba walizungumza vizuri. Ila nilikuwa nimekwisha kushiba usiku ule.

Poda ilibaki kwenye vitundu vya mawe mbele ya mlango. Sikuifagia. Mvua zilipoanza Septemba, nilisimama kizingitini na mama, tukaangalia maji meupe yakiteremka kuelekea barabarani.