Tarumbeta ya mpiga dramu

Stima zimekatika huku Tudor, Mombasa, tangu saa mbili na bado hazijarudi, so naandika kwa simu, chaji iko 31, ikizima katikati mtanisamehe. Gita liko kitandani. Nimetoka kulibadilisha nyuzi saa hii, manake zile za zamani zilikuwa zishaoza kwa kutu, hapa kwetu chumvi ya bahari haina huruma, unapangusa kila usiku na bado zinakwisha. Lilikuwa mvunguni miaka sita na mie sikuwa na habari nalo. Kilichonifanya nilitoe ni voisi ya dakika moja kutoka Doha, ntaifikia.

Kuna bendi ya Marekani inaitwa American Football. Jina lisiwadanganye, hakuna mpira hapo, ni vijana watatu waliokuwa wanasoma chuo kikuu pale Urbana, Illinois. Mike Kinsella anaimba na gita, Steve Holmes gita la pili, Steve Lamos dramu na tarumbeta, ndio, mtu mmoja hizo mbili. Mtu wa besi hawakuwa naye. Albamu yao ya kwanza ilitoka Septemba 1999 kupitia Polyvinyl, lebo ndogo ya hapo hapo jirani, na haikupita muda bendi ikaisha, chuo kimekwisha kila mtu akashika njia yake, Lamos akaishia kuwa mwalimu wa chuo kikuu, anafundisha uandishi huko Colorado. Hakuna ugomvi hakuna nini. Ile albamu ndio ikabaki inatembea yenyewe, mtu anampa mwenzake, miaka kumi na kitu.

Emo kwa asiyejua ni watoto wa panki waliochoka kupigia serikali kelele wakaanza kulia mambo ya ndani. Sasa hawa wakalia taratibu, juu ya dramu za jazi zisizokaa kwenye moja mbili tatu nne, ukijaribu kutingisha kichwa unapotea. Na gita lenyewe halifungwi kawaida. Kwa wimbo wa kwanza wa ile albamu nyuzi zinafungwa kwa noti F-A-C-G-C-E kuanzia uzi mnene, nyuzi tatu zinahama kutoka pale pa kawaida, ukiligusa tu bila kubonyeza popote linatoa kodi ya jazi tayari (kodi ya gita, noti kadhaa zikilia pamoja, sio ile ya mwenye nyumba).

Mie ile albamu nliisikia kwa mwenzangu Kibokoni, nadhani 2015, kwa simu iliyopasuka kioo tumeiweka ndani ya bakuli ili sauti itoke. Bibi yake alikuwa uani anachambua mchicha. Bibi ni mtu wa Juma Bhalo, yule mwimbaji wa tarabu, kanda zake anazo kwa kijaluba na ole wako uziguse. Ikapita nyimbo ya kwanza, hasemi kitu. Ilipoingia tarumbeta akanyamaza mikono, akauliza, "Huyo apulizaye, ana msiba gani?"

Tukacheka wakati ule. Lakini mkiniuliza mie hiyo ndio tathmini bora ya bendi hii nishawahi kuisikia. Kinsella maneno yake ni kama barua mtu aliandika akiwa na miaka ishirini na mbili, yote yako wazi, nani kaachwa, kaachwa vipi. Sisi tumelelewa na tarabu, Bhalo akilia hakwambii nani kamliza, utafumbua mwenyewe mpaka alfajiri. Kwa hivyo maneno ya hawa jamaa mengine naona aibu kwa niaba yao kwa kweli. Tarumbeta haisemi jina la mtu. Ndio maana bibi aliielewa bila Kiingereza.

Basi na sisi tukaanzisha yetu. Mie gita, yeye dramu, binamu yake kinanda, mazoezi nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma Bondeni, so kila tukifika pahala pa upole grainda inaingia. Tulipiga shoo moja tu ya maana, mkahawa fulani wa Nyali, na baada ya nyimbo tatu meneja akaja kwa heshima zake zote, akainama sikioni, "Vijana, hamna zile za watalii?" Tulilipwa biriani na soda. 2019 mwenzangu akapata kazi Qatar. Hatukuvunjika, hatukukaa kikao, tuliacha tu kupigiana simu.

Wale wenzetu wa Marekani walirudi jukwaani 2014, safari hii wakiwa na besi, Nate Kinsella, binamu yake Mike. Wakatoa albamu 2016, sio mbaya, haikunishika. Ya 2019 ndio kitu, ndefu, pana, hawana haraka, inasikika kama watu wenye watoto na mikopo. 2021 Lamos akatoka, 2023 akarudi. Na mwaka huo huo wakatangaza kwamba wao na lebo yao na wengine wameinunua ile nyumba nyeupe ya mbao iliyo kwenye jalada la albamu ya kwanza, ile watu wanasafiri kwenda kupigia picha. Ile karakana yetu Bondeni saa hii ni gorofa ya orofa saba, chini wanauza simu.

Haya, voisi. Sekunde kama arobaini ni mtu anapiga ndoo ya plastiki kwa vidole, tano, tano, halafu sita, nliijua kabla hajafungua mdomo. Halafu, "Oya, nko ofu leo. Niwekee gita hapo." Basi. Hakuna habari za siku nyingi, hakuna salamu, miaka sita.

Nimefunga F, nimeshusha ule wa nne mpaka C, bado huu wa pili, naupandisha taratibu na unalia lia. Ushakatika. Pakiti ilikuwa moja. Chaji 9, duka la mjini linafungua saa tatu, ntamtumia na nyuzi tano nione atasemaje.